Mimba Bandia kwa Mbwa Jike Ambaye Hajatolewa Kizazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kabla hujasoma, jaribu kukumbuka mbwa wako aliingia joto lini mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo ufunguo wa majibu mengi yaliyo hapa, na ndilo jambo la kwanza ambalo daktari wa wanyama atakuuliza. Kama hukuiandika, kisia kwa wiki, kisha anza kuandika kuanzia joto lijalo.

## Mambo ya msingi

Mimba bandia ni nini?

Ni hali ya mbwa jike asiye na mimba kuonyesha dalili za mbwa aliyebeba mimba au aliyezaa. Matiti yanajaa, maziwa yanatoka, anatafuta kona ya kuzalia, anabeba kitu fulani na kukilea kama mtoto. Mara nyingi hujitokeza wiki 6 hadi 8 baada ya joto kwisha, ingawa kwa wengine huchelewa hadi wiki ya 12. Kwa maneno mengine, ni karibu na siku ambazo angezaa kama kweli angekuwa amebeba.

Inawezekanaje, na hajapandwa na dume yeyote?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Jibu lake linatokana na jinsi mwili wa mbwa ulivyo.

Mayai yakikomaa na kutoka kwenye ovari wakati wa joto, pale yalipotoka hubaki vitezi vidogo vinavyotengeneza homoni ya projesteroni, ile inayoandaa mji wa mimba na matiti. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, mimba isipotunga, mji wa mimba hutoa homoni nyingine inayovivunja vitezi hivyo ndani ya wiki mbili au tatu, na mzunguko unaanza upya. Mbwa hana utaratibu huo. Amepandwa au hakupandwa, vitezi vyake huendelea kutoa projesteroni kwa takriban miezi miwili.

Baada ya hapo projesteroni hushuka, na inaposhuka homoni nyingine, prolaktini, hupanda. Prolaktini ndiyo inayoleta maziwa na moyo wa kulea. Kwa hiyo kila mbwa jike, kila baada ya joto, hupitia mabadiliko ya homoni yanayokaribiana sana na ya mwenye mimba. Wengine huyapitia kimyakimya na hutajua lolote. Wengine, ambao miili yao huitikia prolaktini kwa nguvu zaidi, ndio hao wanaokuja kukushangaza na maziwa.

Maelezo yanayokubalika na wengi kuhusu asili ya jambo hili yanarudi kwa mbwa mwitu. Kundini, kwa kawaida jike mmoja ndiye anayezaa. Majike wenzake wanaoingia joto wakati mmoja naye huwa na uwezo wa kutoa maziwa na kusaidia kulea watoto ambao si wao.

Basi ni ugonjwa au si ugonjwa?

Kwa yenyewe, si ugonjwa. Mwili unafanya kazi yake. Inageuka tatizo pale mbwa anapoteseka, matiti yanapopata maambukizi, au pale mwenye mbwa anapodhani ni mimba bandia kumbe ni kitu kingine cha hatari zaidi. Tazama sehemu ya "Kutofautisha".

Huwapata mbwa wa aina gani?

Yeyote mwenye ovari, wa mbegu yoyote, aliyewahi kuzaa na ambaye hajawahi. Ikishamtokea mara moja, tarajia kwamba huenda ikarudi baada ya joto linalofuata. Mbwa wengi huingia joto kila baada ya miezi 6 au 7 hivi, kwa hiyo wapo wanaoipitia mara mbili kwa mwaka.

Huchukua muda gani kuisha?

Kwa kawaida wiki 2 hadi 3, na huisha yenyewe. Ikipita hapo, soma swali la "Mwezi umepita na maziwa bado yanatoka".

## Dalili

Dalili zake ni zipi?

Ya wazi kuliko zote ni matiti. Jozi mbili za nyuma hujaa zaidi ya zile za mbele, chuchu hurefuka, na ukiangalia nywele zinazozizunguka utaona zimeshikana kwa unyevu. Kinachotoka kwanza huweza kuwa majimaji ya rangi ya maji au ya kahawia hafifu, baadaye yakawa maziwa meupe. Tumbo nalo huweza kutuna, na uzito ukaongezeka kidogo.

Tabia hubadilika pia. Anafukua kitanda chake, anavuta nguo na kuzirundika kwenye kona, anahangaika usiku, analialia bila sababu unayoiona. Wengine huwa wazito kutoka nje, wengine hukuganda kila uendako. Hamu ya chakula hupungua, na wachache hutapika. Si lazima aonyeshe dalili zote: kuna mwenye maziwa tele na tabia ileile ya siku zote, na kuna asiye na hata tone la maziwa lakini amehamia chini ya meza na soksi tatu.

Mbona amebeba kiatu na anakilalia?

Kwa wakati huu kiatu hicho ni mtoto wake. Mtazame kwa makini: hakiumi wala hakichezei. Anakibeba kwa ncha za meno, anakiweka chini taratibu karibu na tumbo, anakilamba, kisha anajikunja kukizunguka ili kiwe usawa wa chuchu. Ukikisogeza anakirudisha palepale. Hachezi na wala hajapata wazimu. Ni prolaktini inamwambia kuna mtoto wa kulelewa, naye ametafuta kilicho karibu, mara nyingi kitu laini, kitu chenye harufu yako, au mdoli unaotoa sauti nyembamba.

Usimcheke, na usimkemee. Mbwa anayekemewa kwa kulea huzidi kuwa na wasiwasi, na wasiwasi humfanya ashikilie kile kitu kwa nguvu zaidi.

Ameanza kunguruma watu wakimkaribia. Je, anaweza kuuma?

Anaweza, hata kama maisha yake yote amekuwa mpole. Analinda "watoto". Wanaopatwa zaidi ni watoto wadogo, ambao huona mdoli wao umelaliwa na mbwa wanayemfahamu wakanyoosha mkono kuuchukua. Kwa wiki hizo usimwache peke yake na watoto, na wala asibaki bila uangalizi na mbwa mwingine kwenye chumba chenye vitu anavyovilinda. Jinsi ya kuviondoa imeelezwa kwenye "Nimnyang'anye midoli?"

## Kutofautisha na mambo mengine

Nitajuaje kwamba si mimba ya kweli?

Kwa macho na mikono peke yake, huwezi kuwa na uhakika. Matiti hayasemi, tumbo halisemi, na hata maziwa hayathibitishi mimba. Vinavyothibitisha ni vipimo, na kila kipimo kina wakati wake:

Ultrasaundi huonyesha mimba kuanzia siku ya 25 hivi baada ya kupandwa, na mapigo ya moyo ya watoto huonekana siku chache baadaye. Kipimo cha damu cha relaksini hutegemewa kuanzia takriban siku ya 30. Homoni hii hutoka kwenye kondo, na kwa kuwa mimba bandia haina kondo, kipimo hiki kinatenganisha hali hizi mbili vizuri. Eksirei huonyesha mifupa ya watoto kuanzia siku ya 45 hivi, na kuwahesabu ni bora kungoja hadi baada ya siku ya 55.

Kipimo cha projesteroni hakisaidii hapa, kwa sababu iliyoelezwa juu: mwenye mimba na asiye na mimba wote wanayo.

Je, kipimo cha mimba cha binadamu kinafanya kazi kwa mbwa?

Hapana. Kinatafuta homoni ambayo mbwa hatengenezi, mwenye mimba au asiye nayo. Usipoteze fedha.

Lakini nahisi kitu kinacheza tumboni!

Utumbo wenye chakula au gesi huzunguka, na mkono unaotamani kuhisi watoto utawahisi. Mpeleke akapigwe ultrasaundi.

Sina hakika kama alipandwa. Alitoroka siku moja tu.

Siku moja inatosha. Mfikirie kuwa ana mimba mpaka kipimo kikanushe, na usimpe dawa yoyote ya kukausha maziwa kabla ya hapo. Dawa inayotumika zaidi kwa mimba bandia huharibu mimba ya kweli. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kwa hiyo hesabu kutoka siku aliyotoroka. Ikizidi siku 72 bila kuzaa, na kipimo kilikuwa kimeonyesha watoto, hiyo ni dharura.

Anakunywa maji mengi sana na anatoka uchafu nyuma. Ni sehemu ya mimba bandia?

Hapana, na hapa naomba usingoje hata kesho.

Mimba bandia peke yake haitoi usaha. Mbwa aliyetoka joto wiki chache hadi miezi mitatu iliyopita, kisha akaanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa sana, kulegea, kukataa chakula, kutapika, au kutoa uchafu wenye usaha, damu au harufu mbaya, huenda ana usaha ndani ya mji wa mimba. Madaktari huuita piometra. Huua, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji wa haraka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba huja katika kipindi kilekile cha mimba bandia, na huweza kulitunisha tumbo vilevile. Kibaya zaidi, mlango wa mji wa mimba ukiwa umefunga, usaha hautoki nje kabisa, na mbwa mwenye hali hiyo huwa hatarini zaidi kuliko yule unayemwona akichuruzika. Kwa hiyo kutoona uchafu si ushahidi kwamba ni mzima. Mbwa mwenye mimba bandia ana tabia za ajabu lakini bado ni mchangamfu. Ukimwona anaonekana mgonjwa, mchukulie kuwa mgonjwa.

## Kumtunza nyumbani

Nimkamue ili apate nafuu?

Usimkamue. Najua inauma kumwangalia matiti yamejaa hivyo, na kukamua kunaonekana ndiyo huruma. Lakini kila maziwa yanapotolewa, na kila chuchu inapoguswa, mwili hupokea taarifa kwamba mtoto ananyonya, prolaktini hupanda, na maziwa mengine hutengenezwa. Ukimkamua leo, kesho yatajaa tena, na hali iliyokuwa iishe baada ya wiki mbili itaendelea. Yaache. Shinikizo la maziwa yasiyotoka ndilo linaloambia matiti yaache kazi.

Kumkanda, kumsugua kwa mafuta na kumwekea kitambaa cha maji moto kuna matokeo yaleyale. Viache vyote.

Anajilamba chuchu mwenyewe muda wote.

Hapo anajikamua mwenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya mimba bandia kuvuta muda. Mzuie: mvalishe kola ya koni, ile ya shingoni inayozuia mdomo kufika tumboni, au fulana inayombana kidogo tumboni, mradi uivue mara kwa mara kuangalia kama ngozi ni kavu na haijachubuka.

Nimnyang'anye midoli?

Viondoe vitu anavyovilea, lakini si mbele yake na si kwa nguvu kutoka mdomoni. Mtu mmoja amtoe nje kwa matembezi, mwingine abaki akikusanya: mdoli, kiatu, soksi, na lile rundo la nguo. Akirudi atatafuta. Mpe shughuli nyingine papo hapo.

Kuna mbwa ambao kuviondoa vyote kwa mpigo huwafanya wahangaike na kulia usiku kucha. Kwa huyo, punguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mjue mbwa wako.

Na chakula, na maji, na mazoezi?

Mazoezi yaongezeke. Matembezi marefu kidogo na michezo ya kunusa humtoa kwenye kona yake. Chakula kisiongezwe kwa kudhani "ananyonyesha". Madaktari wengine hushauri kipunguzwe kidogo kwa siku chache ili maziwa yapungue, lakini akiwa amekwishapoteza hamu ya kula, usipunguze tena.

Maji usimnyime. Utasikia ushauri huo, na watu huufuata wakidhani ni njia ya haraka. Kumnyima maji kunaweza kumdhuru, hasa ikiwa tatizo lake halisi ni piometra au figo na wewe hujui.

Naweza kumpa dawa ya maumivu niliyo nayo nyumbani?

Hapana. Ibuprofeni na parasetamoli za watu huwaletea mbwa sumu. Usimpake kafuri wala marashi yoyote kwenye chuchu pia, maana atayalamba.

## Kwa daktari

Ni lini nimpeleke?

Kama hujui kwa hakika kwamba hana mimba, au kuna dalili yoyote ya piometra, mpeleke sasa. Mpeleke siku hiyohiyo pia titi likiwa gumu, la moto, jekundu au la zambarau, likiuma akiguswa, au likitoa maziwa yenye usaha au damu: hayo ni maambukizi ya titi na yanahitaji tiba ya haraka. Ukiwa na kipimajoto, halijoto ya mbwa mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi hivi. Ikipanda juu ya hapo na titi ni la moto, usisubiri.

Mengine, kama ukali usiodhibitika au kutokula kwa zaidi ya siku moja, yanastahili daktari hata kama si dharura.

Atapewa dawa gani?

Wengi hawahitaji dawa. Kwa wenye dalili kali, dawa inayotumika zaidi ni kabergolini, ambayo huzuia ubongo kutoa prolaktini. Hutolewa mara moja kwa siku, kwa kawaida kwa siku 4 hadi 6, na dozi hupimwa kwa uzito. Wengine hutapika siku za mwanzo. Kumpa pamoja na chakula husaidia. Ipo pia bromokriptini, yenye kazi ileile lakini inayotapisha zaidi. Zote mbili hazipewi mwenye mimba.

Mkumbushe daktari dawa nyingine ambazo mbwa wako anatumia. Metoklopramidi, ambayo hutolewa mara nyingi kuzuia kutapika, hupandisha prolaktini na inaweza kuzidisha hali yenyewe.

Nimesikia kuna sindano ya homoni inayomaliza kabisa.

Zipo dawa za jamii ya projesteroni ambazo hutuliza dalili kwa muda. Zikiisha mwilini, projesteroni inashuka upya, prolaktini inapanda, na unarudi ulikoanzia. Juu ya hilo, zinaongeza hatari ya piometra. Mimi nisingekubali mbwa wangu apewe kwa ajili ya mimba bandia.

## Kuzuia

Akizaa mara moja, si itakoma?

Haitakoma. Ushauri huu umeenea mno na umeleta watoto wengi wa mbwa wasio na wa kuwalea. Mimba bandia inatokana na ovari kufanya kazi, na kuzaa hakubadilishi chochote katika hilo. Baada ya joto linalofuata anaweza kuipata tena kama hakuna kilichotokea.

Basi atolewe kizazi. Wiki hii inafaa?

Kumtoa kizazi ndiko kunakozuia hali hii isirudi, lakini wiki hii si wakati wake. Ovari zikitolewa katikati ya kipindi hiki, projesteroni inaanguka ghafla na prolaktini inaweza kupanda kwa kishindo. Matokeo yake ni mimba bandia iliyokwama, kwa wengine kwa miezi. Pia matiti yaliyojaa hulisumbua eneo la kupasulia.

Subiri dalili ziishe na maziwa yakauke kabisa. Wengi hupanga upasuaji miezi 3 hadi 4 baada ya joto, kabla joto lijalo halijaanza. Piometra ni jambo lingine: hiyo hupasuliwa mara moja, maziwa yawepo yasiwepo.

Nisipomtoa kizazi kuna ubaya gani?

Unaweza kumtunza vizuri bila upasuaji, ukikubali kwamba mimba bandia itarudi na utakuwa macho kwa piometra kila baada ya joto, zaidi anapozeeka. Zungumza na daktari pia kuhusu uvimbe wa matiti, maana umri wa kutolewa kizazi una uhusiano nao, na kuhusu ukubwa wa mbwa wako, kwani kwa mbegu kubwa kumtoa mapema sana kuna athari zake kwa viungo.

## Hali zisizo za kawaida

Alishatolewa kizazi, na bado ana maziwa. Inakuwaje?

Uliza kwanza alitolewa lini. Ikiwa ni siku chache au wiki mbili zilizopita, yaelekea upasuaji uliangukia kipindi kilichoelezwa hapo juu, na kabergolini humsaidia hata yeye. Ikiwa ni muda mrefu na anaonyesha pia dalili za kuingia joto, huenda kipande cha ovari kilibaki ndani. Daktari anaweza kulithibitisha kwa vipimo vya homoni. Mwambie pia kama ukali au woga wake ulianza baada ya upasuaji, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni prolaktini ambayo haikushuka.

Mwezi umepita na maziwa bado yanatoka.

Hakikisha kwanza hakuna anayemchochea: yeye mwenyewe kwa kujilamba, mbwa mwingine anayemnyonya, au mtu nyumbani anayemkamua kwa huruma. Kama hakuna, omba apimwe tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Ikifanya kazi chini ya kiwango, inaweza kupandisha prolaktini.

Matiti yamepungua lakini kimebaki kijivimbe kigumu.

Kionyeshe kwa daktari. Uvimbe unaobaki baada ya maziwa kukauka haupaswi kuitwa mabaki ya mimba bandia kabla haujachunguzwa.

Nataka kumzalisha joto lijalo. Je, atabeba?

Mimba bandia haipunguzi uwezo wake wa kubeba. Kwa upande mwingine ni ishara kwamba mayai yalitoka.

Kuna watoto wa mbwa yatima. Anaweza kuwanyonyesha?

Anaweza, na wapo waliolea watoto wasio wao hadi kuachishwa. Mkutanishe nao chini ya uangalizi, mmoja mmoja, na umwondoe haraka akinguruma. Wapime watoto uzito kila siku, kwa sababu maziwa yake huenda yasiwatoshe na utahitaji kuongezea maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Sasa ni mama anayenyonyesha, kwa hiyo ushauri wa kutoongeza chakula haumhusu tena: mpe chakula cha mbwa anayenyonyesha, na akianza kutetemeka au kukakamaa, huenda kalsiamu imeshuka na ni dharura.

Na paka je?

Paka hutoa mayai akipandwa, hivyo akipandwa bila kushika mimba huweza kuwa na mimba bandia ya siku 40 hivi. Mara nyingi haina dalili unazoweza kuziona, zaidi ya kwamba haingii joto kwa muda huo.